Pini Ilikuwa Mfukoni Mwake

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1989, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, katika chumba cha kukandia unga cha kiwanda cha mikate, maisha ya marehemu kaka yetu yalikatika vipande viwili, na kwa kuwa yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, alituagiza kwamba siku ya kumzika tusianze na mahali alipozaliwa bali tuanze na saa hiyo, familia imeona imtii, ijapokuwa tumebishana sana, na wengine wetu mpaka asubuhi ya leo walikuwa hawataki maneno haya yasomwe mbele ya jeneza.

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, hakusoma sana, atasoma polepole, mmvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1951, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba fundi viatu na mama mfua nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na alizaliwa kabla mkunga hajafika, mama akawa anasema maisha yake yote, "Huyu hakumsubiri mkunga, atamsubiri nani?" Shule ya msingi aliianza Januari 1959 na kuimaliza Novemba 1965, na walimu wake walikubaliana kwamba hesabu anaziweza ila kutulia hakuwezi, maana mtihani mmoja aliumaliza kabla ya darasa zima, akatoka nje akifurahi, akapata sifuri kwa kuwa hakuandika jina.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, akaanza kwa kufagia, akapelekwa kwenye matanuri, kisha kwenye chumba cha kukandia, na huko ndiko alikopewa jina la Chachu, kwa sababu wenzake walisema ukimpa kisogo kidogo tu ameshaumuka. Jumamosi ya tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa kanisani na shemeji yetu huyu mnayemwona hapa, fundi cherehani, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti mwaka 1980, mwana wa kiume mwaka 1983, na kitinda mimba mwaka 1988. Mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, kijana mcheshi, mrefu, anayedaka mpira kama anachuma tunda, ndiyo maana mji mzima ulimwita Kipa, na mwaka 1982 marehemu alimtafutia kazi pale pale kiwandani, wakawa wanafanya kazi chumba kimoja, wanakula sahani moja, wanataniana kama mashemeji wanavyotaniana.

Sasa tuelewane kuhusu mashine ile, maana bila kuielewa hamtaielewa dhambi yake. Mashine ya kukandia ilikuwa pipa kubwa la chuma, lenye mkono wa chuma unaozunguka ndani, na ubavuni kulikuwa na tundu la pini, pini moja tu, nene kama kidole, ambayo isipokuwamo tunduni umeme haupiti, na sheria ya chumba kile, ambayo kila mgeni alifundishwa kabla hajaonyeshwa hata choo kilipo, ilikuwa kwamba mtu anayetaka kuingiza mkono ndani ya pipa kukwangua donge lililoganda, kwanza achomoe pini, aitie mfukoni mwake mwenyewe, asimpe mtu, asiiweke mezani, na akimaliza airudishe. Sheria nzuri, lakini wanadamu ni wanadamu, watu walikuwa wakisahau, wanakwenda kunywa chai na pini mfukoni, mmoja aliwahi kufika nayo nyumbani na mkewe akaifanya komeo la dirisha, na donge halimngoji mtu, likishaumuka limeumuka. Kaka yetu hakuwa mtu wa kutafuta pini mifukoni mwa watu, kwa hiyo alichukua bolti, akaikata, akaipiga tupa mpaka ikaingia tunduni sawasawa, akawa na pini ya pili, ya siri, aliyoitumia zaidi ya mwaka mzima, na kila ilipomwokolea muda alijiona mjanja.

Asubuhi ile Kipa alikuwa ameinama upande wa pili wa pipa, nyuma ya magunia ya unga, anakwangua, na alikuwa amechomoa pini na kuitia kwenye mfuko wa aproni kama alivyofundishwa. Kaka akaja kutoka kwenye matanuri, feni zinanguruma, akaona tundu tupu, akawalaani kimoyomoyo watu wa chai, akatia bolti yake, akabonyeza swichi. Yaliyofuata hayahitaji kuelezwa mbele ya watoto, itoshe kusema kwamba Kipa alipoteza mkono wa kulia, kuanzia kwenye kifundo.

Hiyo ilikuwa ajali, ya uzembe, lakini ajali, na marehemu alikuwa akituambia kwamba dhambi yenyewe ilikuja baadaye, katika muda mfupi kuliko wa kusali Baba Yetu. Akiwa amepiga magoti juu ya shemeji yake aliyezimia, anamfunga mkono kwa aproni ya Kipa mwenyewe ili damu isimame, vidole vyake viligusa pini mfukoni, na hapo hapo akaitoa, akachomoa bolti yake, akaitia pini ya kweli mahali pake, bolti akaitupa kwenye mfereji wa maji machafu, ndipo akapiga kelele kuita watu. Msimamizi alipofika aliangalia tundu, akatikisa kichwa, akasema, "Mnaona? Kijana hakutoa pini." Kaka alisikia, akanyamaza.

Kipa aliachishwa kazi akiwa bado hospitalini, kwa kosa la kuvunja sheria ya chumba, na mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, kaka akapandishwa kuwa msimamizi, kwa sababu, walisema wakubwa, siku ya ajali yeye ndiye aliyekuwa na utulivu.

Alimchukua Kipa akaishi naye nyumbani, akampa chumba cha mbele chenye dirisha, akamkatia nyama mezani, akamfunga vifungo vya shati, akamfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, na majirani, baadhi yenu mpo hapa, mkawa mnasema shemeji kama huyu hazaliwi mara mbili. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, naye badala ya kuutoa mwiba akaongeza wema. Na mezani pale, mara kwa mara, Kipa angeacha kijiko na kusema, "Shemeji, mimi nakumbuka niliitoa. Nakumbuka ubaridi wake hapa pajani."

"Ajali ni ajali, Kipa. Kula, chakula kinapoa."

"Niliitoa, nikaitia hapa. Sasa ilirudije?"

"Labda unakumbuka siku nyingine."

"Basi mimi nimerukwa na akili," angesema Kipa, kisha akiona watoto wamekodoa macho angecheka, "Msiogope, wanangu, mjomba wenu anaota pini, wenzake wanaota magari."

Lakini halikuwa jambo la kucheka, kwa sababu mtu yule aliacha kujiamini. Alirudi mlangoni tena na tena kuhakikisha ameufunga, alimwita mpwa wake amwangalizie kama amezima jiko, na binti aliyekuwa amemposa, mwalimu wa watoto wadogo, alimwacha aende zake, akamwambia dada yake Kipa kwamba mtu asiyejua alichokifanya kwa mkono wake mwenyewe hawezi kukabidhiwa mtoto mchanga. Kaka alikuwa kwenye chumba cha pili, akayasikia maneno hayo, akakaa kitandani na viatu vyake mpaka akaitwa kula. Mkono ulikuwa umechukuliwa na mashine, lakini akili ya yule ndugu alikuwa akiichukua yeye, kila siku, kwa kinywa chake, na alijua.

Mwaka 2003 usharika ulimpendekeza awe mzee wa kanisa, na hapakuwa na mtu aliyepinga, nani angempinga? Jumapili ya tarehe 19 Oktoba, kabla ya ibada, wateule walikusanyika katika chumba cha mchungaji, na mchungaji akamwuliza kila mmoja kama ilivyo desturi yake, "Ndugu, una neno lolote na mtu ambalo hujalitengeneza?" Wa kwanza akasema hana, wa pili akasema hana, mmoja akatania kwamba labda na mama mkwe, wakacheka. Kaka akasema, "Ninalo."

"Dogo au kubwa?"

"Mchungaji, huyo mtu yuko benchi la tatu, amekuja kunifurahia."

Wenzake wakatolewa nje, na kengele ilipolia kaka alikuwa bado anasema, akaeleza yote, bolti, pini, mfuko, kisha, kama mtu anayejitetea, akaanza kueleza mema aliyomtendea Kipa, chumba, nyama, vifungo, mpaka mchungaji akamkatiza. Alimwambia, "Ndugu yangu, umekuwa ukimpepea mtu huku umemkanyaga mguu. Ondoa mguu kwanza." Kaka akauliza kama Mungu anaweza kumsamehe mtu wa namna hiyo, mchungaji akamjibu kwamba damu ya Kristo haikumwagika kwa ajili ya watu wa namna nyingine, ila asiende kwa Mungu kwa kumzunguka Kipa, na watu wakamwona akitoka kwa mlango wa nyuma, na kiti chake cha mbele kikabaki wazi ibada nzima.

Mchana huo, chakula kikiwa mezani, alimwambia Kipa mbele ya mkewe. Hakuzunguka. Alisema, "Pini uliitoa. Ilikuwa mfukoni mwako. Mimi ndiye niliyeirudisha." Wale waliokuwepo wanasema Kipa hakupiga kelele, hakutukana, alisukuma sahani taratibu, akaenda chumbani, akakunja nguo zake kwa mkono mmoja, na dada yake alipomshika begi akilia, alimwambia neno moja tu, "Dada, miaka kumi na minne amenikatia nyama," akatoka, akashika njia.

Shemeji yetu aligeuka akamwambia mumewe, "Mimi ni mke wako, na yule ni tumbo moja na mimi. Sasa niambie nikae upande gani." Kwa miezi mingi mkewe alimwandalia chakula, akakiweka, akaondoka, na katika nyumba iliyozoea vicheko ikawa inasikika cherehani peke yake.

Kesho yake ya Jumapili ile kaka alikwenda kwa meneja, meneja mpya, mtu mpole, aliyemwambia, "Mzee Chachu, haya ni ya zamani, unafukua kaburi kwa nini?" Kaka akamjibu, "Kwa sababu aliyezikwa humo yu hai." Ijumaa ya wiki hiyo wafanyakazi wote walikusanywa uani, wakatangaziwa kwamba Kipa alichomoa pini na hakuvunja sheria yoyote, na kwamba aliyevunja ni msimamizi wao. Kipa hakuja. Dada yake alikwenda kusimama kwa niaba yake, akasimama mbali na mumewe, na baada ya tangazo kaka akavua koti jeupe, akalikunja, akalikabidhi, akatoka langoni kati ya watu aliowafundisha kazi, na wachache sana walimwangalia usoni. Kuanzia hapo aliishi kwa kuoka mikate midogo nyumbani na kuiuza kwa baiskeli, wengine wakinunua, wengine wakivuka barabara.

Kanisa nalo lilimtenga na meza ya Bwana, naye hakulalamika. Pasaka ya tarehe 11 Aprili 2004 alisimama mbele ya usharika, akaitaja dhambi yake kwa jina lake, hakuiita kosa, hakuiita bahati mbaya, na mchungaji akamtangazia ondoleo la dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Siku ile alitwambia jambo ambalo sisi wadogo zake hatujalisahau, kwamba miaka yote alidhani kusamehewa ni Mungu kumwambia halikuwa neno zito, na aliliogopa hilo, kwa sababu alijua lilikuwa zito, na kumbe Mungu alilipima uzito wake wote, akalichukua hivyo hivyo. Jioni ile mkewe alikaa naye mezani. Hawakuzungumza sana, lakini alikaa.

Hata hivyo benchi la tatu lilikuwa tupu, na hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa imebaki. Kipa alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa mji na kupata kazi ya kulinda lango la shule, na kaka alitaka kwenda pale kila siku, apige magoti, alie, ajieleze, mpaka mchungaji akamkataza, akamwambia, "Ukweli umeshampa. Ukimfuata kila wiki na machozi yako, unamlazimisha akubembeleze wewe. Mlango ni wake, aufungue yeye." Ndugu waombolezaji, mnamjua marehemu alivyokuwa, mtu wa kulivuta donge liumuke, na mtu huyo aliambiwa angoje bila kuambiwa mpaka lini, na alingoja. Alimwomba Mungu kwa ajili ya Kipa kila asubuhi, akitaja afya yake na amani yake, na tulipomwuliza kama anaomba pia asamehewe na Kipa, alisema hilo Mungu analijua, yeye haliombi.

Mwaka 2009, kwenye harusi ya binti wa kwanza wa marehemu, Kipa alifika, akakaa nyuma, akawasalimia watu wote isipokuwa mmoja, na wawili hao wakakutana ghafla kwenye bomba la kunawia, waliokuwa na vinywaji mkononi wakaacha kunywa. Kaka akasogea kando. Kipa akanawa mkono wake mmoja, akaukung'uta, akapita. Nyumbani kaka alimwambia mkewe, "Hakunitukana," na mkewe anasema alilisema kama mtu aliyepewa zawadi.

Januari 2015 alianza kukohoa, na vipimo vikaonyesha kwamba mapafu yalikuwa yamechakaa kwa vumbi la unga la miaka mingi, akawa anaingia hospitalini na kutoka, mpaka Aprili 2016 alipolazwa na madaktari wakatuambia tujiandae. Tulitaka kumpelekea Kipa habari, kaka akakataa, akasema mgonjwa mahututi akimwita mtu huwa amemfunga kamba. Aliyemwambia ni dada yake, bila kumwomba lolote, alimwambia tu hali ilivyo, akarudi.

Jumanne ya tarehe 17 Mei, saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa, Kipa alisimama mlangoni mwa wodi. Mimi na shemeji tulikuwepo, tukainuka, tukakaa tena. Hakuingia mara moja.

"Nimekuja na hasira yangu," alisema, "sikuiacha nyumbani. Nikija bila hiyo nitakuwa naigiza."

"Ingia nayo," kaka akasema.

Akavuta kiti, akakaa karibu sana, uso kwa uso. "Siku ile ulisema haraka haraka, nami sikuuliza kitu. Leo nauliza, na usinipe maneno mengi. Niliitoa?"

"Uliitoa."

"Nikaiweka wapi?"

"Mfuko wa aproni. Wa kulia."

"Ule ubaridi pajani?"

"Ulikuwa kweli, shemeji. Ulikuwa kweli siku zote. Mimi ndiye niliyekuambia si kweli."

Kipa akafunika uso kwa mkono wake, mabega yakatikisika, tukadhani analia, na alikuwa akilia, lakini alikuwa pia akicheka, akasema, "Basi sikurukwa na akili. Dada, umesikia? Nilikuwa mzima!" Mtungi wa oksijeni ukawa unakoroma pembeni, na kaka hakuomba kitu, macho yake tu yalikuwa hayabanduki usoni mwa yule. Kisha Kipa akasema, "Nimeomba miaka kumi na miwili nipewe moyo wa kukusamehe, na leo nimeona kwamba nikiendelea kuungoja huo moyo utakufa wewe kwanza. Kwa hiyo nakusamehe kwa huu huu nilio nao. Kesho nikiamka na hasira, nitakusamehe tena, hapo ulipo au popote utakapokuwa." Kaka akajaribu kusema asante, pumzi ikamkatika, Kipa akamwambia, "Nyamaza, Chachu, mara moja tu katika maisha yako, nyamaza," na shemeji yetu akacheka kwa sauti, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mwaka 2003.

Tangu siku hiyo Kipa alikuja kila alipotoka kazini kwake langoni, na Jumapili ya tarehe 29 Mei mchungaji alileta meza ya Bwana wodini, wakapokea wote wawili pamoja. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Juni 2016, saa saba mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkewe na watoto wake watatu wakiwa pembeni, na Kipa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, hasa muuguzi aliyekuwa akimgeuza kila saa na kumtania kwamba anamwoka pande zote, tunawashukuru majirani mlioleta viti, maji na kuni bila kuitwa, na wafanyakazi wa kiwanda cha mikate mliokuja na kufunga mashine nusu siku kwa ajili ya mtu aliyewahi kuwaaibisha. Tunamshukuru mchungaji kwa kumwambia kaka yetu ukweli mgumu. Na tulipobishana asubuhi ya leo kuhusu kusoma au kutosoma, watoto wakisema baba yao amekwisha kutubu, ya nini kuyafufua, aliyetumalizia ubishi ni Kipa, aliyesema, "Someni. Msiposoma, watu watabaki wakijua kwamba mimi sikuitoa." Kipa, tumesoma.

Naomba tusimame. Ee Mungu Baba, huyu ni mtumishi wako na ni mwenye dhambi, hatumleti kwako kwa sababu ya wema wake, wema wake aliwahi kuutumia kujifichia, tunamleta kwa sababu alikuja mwenyewe kwako mikono mitupu na wewe hukumfukuza. Mpokee, Bwana Yesu, kwa rehema zile zile ulizompa akiwa hai. Uwape mjane na watoto nguvu ya kuvumilia, umpe ndugu yake Kipa amani asubuhi kwa asubuhi, na sisi tuliosikia utupe ujasiri wa kusema yaliyo yetu mapema. Na wewe kaka, umengoja vya kutosha, ulale sasa kwa amani ya Kristo. Amina.